Dozi Zilizochezewa

Prado nyeupe iliiacha barabara ya Pangani na kuchepukia Kigombe. Nasma Sabiri aliipinda pikipiki yake aina ya Boxer kuifuata, vumbi likimjaa machoni.

Redio ilikoroma sikioni.

"Kasa, unanipata?" Alikuwa Godlisten, mkuu wake wa kazi katika idara ya ujasusi, akimwita kwa jina lake la siri kutoka hospitalini Tanga.

"Nakupata, Mkuu."

"Mgonjwa mwingine wa sukari kapoteza fahamu. Mfumo wa kompyuta uliandika insulini mara kumi ya dozi yake."

Mama yake Nasma, Bi Khuloud, alikuwa amelazwa hospitalini hapo kwa ugonjwa wa sukari.

"Nani, Mkuu?"

"Endelea na Prado, Kasa."

"Mkuu, nakuuliza ni nani!"

"Ni mama yako. Madaktari wako naye."

Wiki hiyo hospitali zote za pwani ile zilikuwa zimeunganishwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Majalada ya karatasi yalikwisha fungiwa ghalani. Turki, mhandisi aliyeufunga mfumo huo na ambaye sasa alikuwa ndani ya Prado, kumbe alikuwa kibaraka wa kampuni ya nje iliyokosa zabuni. Watu wakifa, serikali ingeutupa mfumo huo, na kampuni hiyo ingeleta wake.

"Simamisheni dawa zote!"

"Tumesimamisha. Lakini wapo wasioweza kungoja, na hatujui dozi ipi ni ya kweli. Kumbukumbu sahihi Turki kazifunga kwa nywila, ufunguo uko kwenye kompyuta yake. Akituma amri, zinafutika."

"Mtandao wa simu?"

"Tumeuzima huko. Kimebaki kisahani chake cha setilaiti. Wahi!"

Prado ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba ya makuti karibu na ufuo. Mlango wazi. Nasma aliinyemelea nyumba kwa nyuma.

Kisahani kilikuwa juu ya paa. Nyaya mbili zilishuka ukutani, moja nyeusi, moja kijivu.

Ipi ndiyo ya mtandao?

Alichomoa kisu akazikata zote mbili.

Kisha akaingia, bastola yake ya Beretta mbele.

Turki alikaa mkekani, kompyuta mapajani, kidole juu ya kitufe. Hakushtuka.

"Dada, weka chini hiyo. Nikibonyeza tu, pwani nzima haina kumbukumbu."

"Kuna mama wa watu anakufa, Turki."

"Mama wa nani?"

Nasma alisogea hatua moja. Turki alimtazama usoni, akaelewa, akatabasamu.

Akabonyeza.

Kwenye kioo kiduara kidogo kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka.

Nasma hakupumua. Kama kulikuwa na waya wa tatu, basi yamekwisha.

Maneno mekundu yakatokea: *Hakuna mtandao.*

Turki alinyanyua kompyuta aipasue ukutani. Nasma alimrukia, akampiga kwa kitako cha bastola nyuma ya sikio. Turki aliporomoka. Kompyuta ilimwangukia Nasma mikononi, kioo kikiwa bado kinawaka.

"Mkuu, ninayo. Iko wazi."

"Nisomee ufunguo. Polepole."

Alisoma herufi moja moja, sauti ikimkatika.

Redioni zilisikika kelele za watu, viatu vikikimbia. Kisha sauti ya Zuwena, muuguzi wa wodi ya mama yake.

"Nasma? Dozi za kweli zimerudi, wodi zote. Na mama kafumbua macho, mwanangu. Sukari iliyokuwa imeshuka sasa inapanda. Anauliza mbona hujaja kumwona."

Nasma alikaa chini, pingu mkononi. Kisha akamfunga Turki mikono kwa nyuma.

Askari walipofika aliwakabidhi mtu na kompyuta, akavaa kofia yake ya pikipiki.

"Afande, maelezo yako?" mmoja aliuliza.

"Kesho," alisema, akaondoka kuelekea hospitalini Tanga bila kugeuka.