Vikombe Viwili vya Merepeka

Mhudumu wa ndege aliweka vikombe viwili vya chai, kimoja mbele ya Merepeka, kingine mbele ya kiti kitupu kilichokuwa ubavuni mwake, akatabasamu na kwenda zake.

Merepeka alitaka kumwita akirudishe cha pili, akaacha. Kwa miaka sabini na mmoja ulimi wake haukujua likizo, lakini siku ile uligoma. Kiti kile kilikuwa cha Tiaki. Miaka kumi na minne, kila Juni baridi ilipoanza kuuma kule Invercargill, kusini mwa New Zealand, walipanda ndege pamoja kwenda kwenye nyumba yao ndogo ya kisiwani Rarotonga, wakaota jua mpaka Septemba. Tiaki alikuwa mfupi, kimo chake kikiishia begani mwa mkewe, na kila safari alisimama juu ya kiti kupandisha mizigo huku Merepeka akimcheka mbele ya abiria. Sasa alikuwa na miezi minne kaburini.

Alfajiri ya siku hiyo Merepeka alipitia makaburini kumuaga. Alimwekea maua, likasalia moja. Kaburi la jirani lilikuwa limetitia upande mmoja, halina jina wala dalili ya mgeni. Alilionea huruma.

"Haya, na wewe pokea," alisema. "Naona huna mtu."

Langoni alifungua mfereji ili anawe, kama watu wa kwao wote wanavyonawa watokapo makaburini ili wafu wabaki na wafu. Maji yalikuwa yameganda bombani.

"Shangazi, ndege haitakungoja!" mpwa wake Paora alimwita kutoka garini.

"Sijanawa, wewe!"

"Utanawa uwanjani. Ingia bwana, tunachelewa!"

Kwenye choo cha uwanja wa ndege wa Auckland, alikobadilishia ndege, alinyoosha mikono kwenye sinki, na pumzi ya baridi ikampita shingoni, ikiwa na harufu ya udongo mbichi. Hapakuwa na mtu. Moyo ulimpiga, kisha ukajaa furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Amenifuata, aliwaza. Alirudisha mikono mifukoni, mikavu.

Kwa hiyo pale ndegeni hakukirudisha kile kikombe. Alitazama mawingu kidogo, na alipogeuka kilikuwa kitupu.

"Tumeondoka Jumanne, tunafika Jumatatu," alinong'ona. Ulikuwa utani wa Tiaki kila mwaka, kwamba kwa kuvuka mstari wa tarehe wamerudishiwa siku yao. Alihisi baridi ikimkaa kwenye mkono.

Huko Rarotonga dereva wa teksi alifungua milango miwili. Jua la jioni lilikuwa bado limo barazani alipoingia ndani, akavua koti, akakaa. Muda si muda jirani yake Teremoana, mtunza funguo, alitokea na mashada mawili ya maua meupe.

"Kia orana, karibu, shoga! Wewe mjane gani? Hata mwaka haujaisha!"

"Unasema nini, shoga?"

"Usinizuge. Nimemwona akishuka garini nyuma yako. Yuko wapi, nimvishe shada lake?"

Merepeka alicheka, machozi yakimlengalenga. "Kwa hiyo umemwona. Ni Tiaki, mwenzangu. Sikunawa."

Cheko la Teremoana lilikatika. Aliangalia mlango wa chumbani, akashusha sauti.

"Tiaki namjua. Huyu mrefu, Merepeka. Ameinama kuingia mlango wa barazani. Nawa. Nawa sasa hivi."

Aliyaacha mashada yote mawili mezani akaondoka mbiombio, naye Merepeka akabaki amesimama akisikia kitanda kikilia chumbani kama mtu anapoinuka, kisha nyayo nzito zisizo na haraka zikija ukumbini, na mbele ya nyayo ile harufu ya udongo wa baridi ikiyafunika maua, ikimfuata hadi jikoni, hadi kwenye sinki, mpaka alipoufungua mfereji na nyayo zikasimama nyuma yake, karibu kabisa.

Maji yalitoka vuguvugu. Ilibaki kunawa tu.

Ndipo ilipomuuma. Tiaki hakumfuata. Alikuwa amebaki kule kwenye baridi, ametulia, na siku nzima yeye alikuwa akimtania mtu mwingine, yule aliyempa ua. Aliitazama rafu, sahani zimepangwa mbilimbili. Aliifikiria miezi mitatu ya kula akitazama ukuta, na kitanda kile, na kuamka bila wa kumwambia kwamba mvua imenyesha. Aliogopa mno. Lakini ule upweke aliuogopa zaidi.

Aliufunga mfereji. Mikono yake ilikuwa bado mikavu. Alibandika birika, akashusha vikombe viwili.

"Sijakuuliza," alisema bila kugeuka. "Unaweka sukari?"

Nyuma yake, kiti kilivutwa taratibu.