Mkono wa Walii

Sabiha aliziba pua kwa ncha ya kanga, akamgeukia muuza papa wa soko la Ngamiani.

"Huyu papa wako ameoza, bwana. Unawauzia watu uvundo."

Mchuuzi akaapa kwamba papa wake amekaushwa juzi tu. Wakabishana mpaka mwanamume mrefu aliyesimama nyuma yao, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, akakohoa.

"Usimwonee, dada. Kinachonuka ni mguu wangu."

Sabiha akatazama. Chini ya upindo wa kanzu palikuwa na bandeji, na juu ya bandeji doa la manjano lenye ukingo wa kijani na nzi wawili. Akaikaza kanga puani. Akacheka kwa aibu.

"Nawe unatembea nao hivyo kwenye vyakula vya watu?"

"Niuache nyumbani, nani ataulinda?"

Hivyo ndivyo walivyojuana, mwaka 1953. Mselem alikuwa fundi cherehani wa Chumbageni. Mguu aliuumiza vitani Burma, na kila masika kidonda kilifunguka upya. Alianza kumshonea Sabiha magauni, na Sabiha akawa na magauni mengi kuliko siku za kuyavaa.

Siku moja alimkuta nyuma ya cherehani, macho amefumba, kidonda kiko wazi, jasho linamtiririka.

"Uganga gani huo, mpenzi?"

"Naumwa. Ngoja nimalize."

Alipomaliza akamweleza. Katika hospitali ya askari huko Ceylon, mtawa mmoja wa dini ya Budha, kipara, nguo yake rangi ya bizari, alikuwa akija kukaa na wagonjwa. Alimfundisha kufuata pumzi yake, kisha kuyatazama maumivu bila kuyasukuma: yameanzia wapi, yanachoma au yanakata, yamepungua lini. Hata usaha autazame, asiukimbie.

"Kwa hiyo nimependa mpagani?"

"Sala zangu tano ziko pale pale. Sikubadili dini, Sabiha. Nilibadili namna ya kuumwa."

Posa ikapelekwa. Baba yake Sabiha alikwisha kufa, kwa hiyo walii wake alikuwa kaka yake Idarusi, mfanyakazi wa shamba la mkonge. Bila yeye, hakuna ndoa. Mbele ya wazee Idarusi alitabasamu, akaipokea posa. Nyuma yao alitema mate na kusema hatampa dada yake mtu anayenuka. Wiki hiyo hiyo akampelekea Mselem bandeji mbichi, akidai zimeloweshwa dawa. Zilikuwa zimeloweshwa maji ya mkonge, yale yanayobabua hata ngozi nzima. Kidonda kikafura, kikawa cheusi, na siku ya tisa daktari akaukata mguu chini ya goti. Idarusi alijisifu barazani, akauita mzaha, na watu wazima wenye ndevu zao wakacheka.

Mselem alipotoka hospitali, kila baada ya sala ya Ijumaa alisimama kwa magongo kwenye mlango wa msikiti, akampa Idarusi mkono. Ijumaa ya tatu Sabiha alishuhudia mwenyewe. Kesho yake akaenda dukani.

"Umempa mkono."

"Nimempa."

"Mkono ule ule uliokamua mkonge. Mselem, wewe ni mtu au ni donge la ugali, kila mwenye njaa anakufinyanga?"

Mselem akafumba macho, akavuta pumzi. Pumzi hiyo ndiyo iliyomchafua roho Sabiha.

"Kidonda chako kilinuka, nikakizoea. Msamaha huu rahisi unanuka zaidi. Siuwezi."

Akaiweka pete ya posa juu ya cherehani, akaenda zake.

Mwezi ukapita. Ndipo shangazi yake, Mwatumu, alipomuuliza, "Mwanangu, yule fundi wako ana maradhi gani? Kila Ijumaa hutapika nyuma ya kisima cha msikiti."

Ijumaa iliyofuata Sabiha alitangulia kisimani. Akamwona Mselem akija kutoka msikitini, akaliegemeza gongo moja ukutani, akainama, akatapika, kisha akausugua mkono wake kwa majivu mpaka ukawa mwekundu.

"Kumbe una nyongo," Sabiha alisema.

Mselem hakugeuka. "Ninayo."

"Basi mkono unampa wa nini?"

"Siku ya nikahi nitaushika mkono wa walii wako. Nikiushika siku hiyo kwa mara ya kwanza, nitatapika mkekani mbele ya shehe. Ndiyo najizoeza. Kinyaa kinapanda, nakitazama, kinashuka. Chuki nayo hivyo hivyo."

"Na nilipokurudishia pete?"

"Sikujua kitu kingine cha kufanya."

"Ungeniambia, bwana. Nilikuwa nakuona jiwe." Akateka maji, akamimina juu ya mkono ule. "Twende kwa kadhi amwondoe uwalii."

"Kadhi atataka mashahidi. Waliocheka watasema hawakusikia kitu."

Sabiha akamimina maji yote yaliyobaki ndooni. Kesho yake akaenda dukani kuichukua pete yake.

Siku ya nikahi wanawake walikuwa chumba cha ndani, wakisikiliza. Idarusi, mbele ya wazee wale wale walioona akiipokea posa, akatamka kwamba amemuoza dada yake. Kimya. Mmoja akanong'ona kwamba bwana harusi amekataa. Sabiha alikuwa anahesabu pumzi. Ya saba ilipokwisha, sauti ya Mselem ikasikika, nzito na safi:

"Nimekubali."

Idarusi alikula sahani mbili za pilau, akajipangusa midomo, akaondoka. Sabiha alimtazama dirishani, mate ya kumtemea yamemjaa kinywani.

"Umemsamehe?" alimuuliza mumewe walipobaki wawili.

"Bado."

"Mimi sitampa mkono maisha yangu."

"Usimpe," Mselem alisema, akimsogezea kiti karibu. "Nitatoa wangu kwa niaba ya nyumba nzima."