Vikaratasi Vitatu Kwenye Kofia

Kikaratasi kilikuwa mezani, kimekunjuliwa, na fundi alikuwa bado hajatia mkono kwenye kofia.

Alikuwa fundi wa lifti, mwanamke pekee katika karakana ya wanaume kumi na wawili, na sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka. Kampuni ya ng'ambo ilimpa kazi, ikamwachia achague mwenyewe mji wa kuishi kati ya mitatu: wa mtoni, wa kilimani na wa bandarini. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Alikuwa amelinganisha shule, baridi na nyumba za kupanga hadi kichwa kikamuuma, maana hakuwa akijichagulia peke yake. Baada ya miezi sita binti yake angemfuata, mtoto wa miaka sita waliyemwita Chiriku kwa kuwa hakufunga mdomo hata usingizini. Akikosea mji, atakuwa amemkosesha na mtoto.

Basi Jumamosi ile, mama yake na Chiriku wakiwa wametoka, aliandika majina ya miji kwenye vikaratasi vitatu, akavitia kwenye kofia yake ngumu ya kazini, akafumba macho na kuiambia nyumba tupu kwa utani, "Haya, mimi nimeshindwa. Chagua wewe."

Alipofumbua, cha mji wa mtoni kilikuwa mezani. Kilikuwa kibichi, kikinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Alijiambia kimeanguka tu. Akakirudisha, akaitikisa kofia, na safari hii alikodoa macho. Kikaratasi kilekile kikapanda ukingo wa kofia taratibu, kikashuka mezani, kikajikunjua.

Hakumwambia mtu. Wale kumi na wawili wangemcheka mpaka astaafu.

Siku ya tatu, asubuhi, mama yake alimfuata jikoni. "Mwanangu, nani anasoma chumbani kwako?"

"Anasoma nini, Mama?"

"Majina tu, kama ya mitaa. Nikadhani ni simu yako."

"Simu ninayo hapa."

Mama alishusha sauti. "Basi usiende."

Alienda. Aliweka sikio kwenye ubao wa kabati la nguo, kama alivyozoea kusikiliza nyaya za lifti, na ile harufu ya udongo ikampanda puani, na humo ndani akasikia sauti ya chini, si ya kike wala ya kiume, ikisoma mitaa ya mji wa mtoni mmoja baada ya mwingine, ikikosea na kurudi nyuma kama mwanafunzi anayekariri, mitaa ileile ambayo yeye aliipitia kwenye ramani kimyakimya bila kuutamka hata mmoja, hadi ilipofika kwenye mtaa alioupenda kuliko yote, ikanyamaza, na pumzi ikasikika upande wa pili wa ubao, usawa wa sikio lake.

Alitoka akishikilia ukuta.

Mganga waliyemwita alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee asiye na mbwembwe. Alikaa chumbani muda mfupi, akatoka shati limelowa jasho, akampeleka fundi peke yake nje ya geti kabla ya kusema lolote.

"Ni jini, na hana ugomvi nawe," alinong'ona. "Amekaa humu miaka bila mtu kumsemesha. Wewe ukamwomba ushauri. Sasa anajihesabu mwenzako wa safari. Mji ule ameshaujua. Ukienda, utamkuta ametangulia."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Chagua mwingine. Usiutaje ndani ya nyumba hii, wala usiuandike, mtu asije akausoma. Asiposikia umechagua upi, hana njia ya kukufikia."

"Na mama? Na mtoto?"

"Wao hawakumwomba kitu."

Alivichoma vikaratasi vyote. Alhamisi, akiwa juu ya paa la lifti ghorofa ya tisa, aliipigia kampuni simu akautaja mji wa kilimani. Mama yake hakuambiwa, na ilimuuma. "Nikiulizwa mwanangu yuko wapi nijibu nini?" Fundi alimkumbatia tu, akambusu Chiriku, akaondoka.

Kilimani hakukuwa na harufu wala sauti. Alikagua kila kabati, akalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza. Kila Jumapili alipiga simu nyumbani, na kila Jumapili Chiriku aliuliza, "Mama, mji wako unaitwaje?"

"Utaujua ukifika."

Mwezi wa nne tangu aondoke, Chiriku alipunguza maneno. Mwezi wa tano bibi yake alisema mtoto anashinda chumbani kwa mama yake, kimya. Fundi aliingiwa na hofu, akaharakisha maombi ya kibali cha mtoto. Kibali kingefika nyumbani, na jina la mji lingekuwamo, lakini hilo alishalipigia hesabu: macho ya bibi hayaoni maandishi madogo, na Chiriku alimwacha hajui hata herufi moja.

Jumapili moja mchana alikuwa chumbani kwake, ghorofa ya nne. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu, na asubuhi aliizima mwenyewe akatia fyuzi yake mfukoni, isiweze kutembea. Simu ikalia.

"Mama, barua imekuja."

"Bibi yuko wapi?"

"Anaanika nguo. Nimeifungua. Najua kusoma sasa."

"Nani kakufundisha? Mwalimu wenu?"

"Hapana. Wa kabatini."

Fundi alisimama. "Chiriku, usisome. Iweke chini, mwanangu, toka nje kwa Bibi sasa hivi."

Lakini mtoto alikuwa ameshaanza, silabi kwa silabi, kwa bidii ya anayetaka kusifiwa, na alipolimaliza jina, sauti ya chini ikalirudia nyuma yake, mara moja, bila kukosea. Kisha bawaba za kabati zikalia.

"Mama?" Chiriku alikuwa akinong'ona. "Ametoka. Anasema nisiogope safari, yeye anatangulia."

Fundi alishika fyuzi mfukoni. Ilikuwamo. Nje ya mlango wake lifti iligonga kengele ya kufika, na harufu ya udongo ikaanza kupita chini ya mlango.