Imogen Arudi Kuishi Kwao

Ukungu ulipoingia Salalah, kusini mwa Omani, Rosalind Thirlwell alipenda kukaa kimya. Aliketi barazani na kikombe cha chai ya maziwa, akatazama milima ikipotea mmoja baada ya mwingine. Manyunyu yalishuka laini kama unga unaochekechwa. Ngamia walitokea ndani ya weupe ule, wakavuka barabara polepole, wakamezwa tena.

Kila mwaka, msimu huo ulimrudisha kwao Hexham, kaskazini mwa Uingereza. Alifumba macho akasikia kondoo. Alinusa majani mabichi na moshi wa kuni wa jikoni kwa mama yake. Alikuwa ameishi Omani miaka kumi na miwili, lakini aliamini kwamba hajawahi kuhama.

Mumewe, Gareth, alikuwa mhandisi bandarini. Binti yao, Imogen, alikuwa na miaka kumi na mitano na ndoto moja tu: kuwa daktari wa mifugo.

Asubuhi moja ya msimu huo jirani yao, Morwenna Pascoe, alikuja na mkate wa zabibu. Kabla ya kumfuata mumewe Salalah, Morwenna alifanya kazi miaka mingi Uingereza, katika ofisi ya chuo kikuu inayopokea wanafunzi.

"Kaa, shoga. Chai imo kwenye birika," Rosalind alisema.

"Imogen hajambo? Bado ni kondoo na ng'ombe tu?"

"Juzi kamfungua ngamia wa watu mdomo amtazame meno. Nusura ang'atwe!"

"Basi huyo ni daktari tayari. Atasomea wapi?"

"Nyumbani, wapi tena? Atalipa karo ya mwenyeji, serikali itamkopesha kama wenzake. Ana pasi ya Uingereza."

Morwenna akaweka kikombe chini. "Pasi peke yake haitoshi, Rosalind."

"Acha utani wako asubuhi asubuhi."

"Kwenye karo sina utani. Chuo kitauliza mambo mawili. Je, ana haki ya kuishi Uingereza bila kikomo? Hiyo anayo. La pili, je, maisha yake ya kila siku yalikuwa huko kwa miaka mitatu mizima kabla ya masomo kuanza? Hapo ndipo mtakwama."

"Kila Agosti tunakwenda kwa mama! Imogen ana kitanda chake kule. Hata paka anamjua."

"Hiyo ni likizo, shoga. Mgeni naye hutandikiwa kitanda."

"Na nyumba yetu ya Hexham? Hatukuiuza."

"Nani anaishi humo?"

"Wapangaji."

"Basi wapangaji ndio wanaoishi Hexham."

Rosalind akageuza uso. Mlima wa mwisho ulikuwa umetoweka. Alijihisi kama mtu aliyeota anatembea kwao, kisha akaamka katika nyumba ya watu.

Mchana Gareth alirudi kula, akamkuta Morwenna bado yupo, ameketi mezani na Rosalind. Akaelezwa. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Lakini mimi nilitumwa na kampuni," alisema. "Hilo halihesabiwi?"

"Aliyetumwa kwa muda husikilizwa," Morwenna alijibu. "Lakini awe na mkataba wenye mwisho, na aonyeshe kwamba makazi yake bado yako kule. Wako una mwisho?"

"Hauna."

"Mlisema mtarudi lini?"

"Tunasema mwaka kesho."

"Mwaka kesho wenu umeota mvi, Gareth."

"Basi tumpeleke shule ya bweni Uingereza."

"Peke yake? Wengi wetu hukosea hapo hapo. Kama wazazi wako huku na kila likizo yuko huku, chuo kinaweza kusema alikwenda kusoma tu, hakwenda kuishi. Atalipa karo ya mgeni. Hiyo ni mara kadhaa ya karo ya mwenyeji, na mkopo wa serikali hapati. Na udaktari wa mifugo ni masomo marefu."

Imogen alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimelowa manyunyu.

"Kwa hiyo mimi ni mgeni?" aliuliza. "Hapa mgeni, na kule mgeni?"

Ukungu uliingia dirishani taratibu, ukatanda juu ya meza.

"Njoo ukae, mwanangu," Morwenna alisema. "Bado hujachelewa. Utaingia chuo baada ya miaka mitatu, na hesabu inaishia Septemba mosi ya mwaka huo. Kwa hiyo muwe mmehamia kule kabla ya Septemba mosi hii inayokuja. Mkingoja hadi Krismasi, mtakuwa mmepungukiwa."

"Kabla ya Septemba!" Gareth alishtuka. "Mimi nitakula nini hapa?"

"Utakula utakachopika," Rosalind alimwambia. "Mayai unayaweza." Kisha akamshika mkono. "Tunarudi, Gareth. Mama ana miaka themanini, na bado anapanda ngazi kubadilisha taa. Tulipaswa kurudi zamani. Wewe funga kazi zako, utufuate."

"Basi rudini kama watu wanaorudi," Morwenna alisema. "Hamisheni mizigo yote. Jiandikisheni kwa daktari wa huko. Wewe Rosalind, tafuta kazi. Mkija huku, mje kumsalimia Gareth, kisha mrudi kwenu. Tena ulizeni vyuo mapema. Kila chuo huamua chenyewe, na kanuni hubadilika. Hizi ni za Uingereza yenyewe. Skotilandi na Welisi wana zao."

Mwisho wa Agosti walitua. Hexham ya kweli haikuwa ile ya ndotoni. Mvua ilikuwa baridi na ilichoma masikio. Wanafunzi walimwita Imogen "Ngamia", naye alilia muhula mzima. Walibanana kwa bibi hadi wapangaji walipohama. Rosalind alipata kazi katika duka la dawa. Jumamosi Imogen alikwenda shamba la jirani kuzalisha kondoo. Akarudi na matope hadi kwenye nyusi, akinuka, akicheka. Mwaka wa pili Gareth aliacha kazi, akawafuata.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu, mwanamke wa chuo kikuu alimpigia Imogen simu. Maombi yake yalikuwa mazuri, alisema. Alitaka tu kuhakikisha jambo moja.

"Miaka hii mitatu umekuwa ukiishi wapi?"

Imogen akatazama nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Ndani yake alimsikia bibi akimfokea baba kwa kuegesha gari juu ya maua, na mama akiwaambia wote wawili wanyamaze.

"Hapa," alisema. "Nyumbani."

Septemba alianza masomo, kwa karo ya mwenyeji.