Ndama wa Kundi la Maji

"Maji, Rama! Maji matupu ya kisi—"

"Punguza sauti, Mwana—"

"—ma! Sipunguzi! Ng'ombe wa mamangu unamwogesha maji ya kisima, halafu unatuambia—"

"—ni utaratibu wa kazi, lazima wengine waoshwe dawa na wengine—"

"—unatuambia dawa! Na rangi umetia! Na sabuni ya kunukia umetia! Haya, nani alikufundisha uwongo wa kupaka mapambo namna hiyo?"

Walikuwa nyuma ya zizi, mtaa wa Shika Adabu huko Likoni, mwaka ule wa sitini na moja. Rama Mwidani alikuwa amevaa tai. Jua la Likoni linachoma, mtu yuko zizini, kinyesi mpaka kwenye visigino, na tai kaikaza kama anayekwenda kupigwa picha.

"Umejuaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimelamba."

"Umelamba dawa ya ng'ombe?"

"Muarobaini ni mchungu, hata mtoto wa kunyonya ajua. Ya Kafedha hapo jirani nimelamba, nusura nitapike. Yetu nimelamba, tamu kama mate yako unapoongea na wakubwa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya dawa za mifugo kule Changamwe ilikuwa imeshikana na chuo cha Kampala, wapate dawa ya kuua kupe itokanayo na mafuta ya muarobaini. Rama, mwanafunzi wa chuo hicho, akatumwa kwao Likoni aijaribu. Nusu ya nyumba zipewe dawa, nusu zipewe maji yenye rangi ileile, na wenye ng'ombe wasijue nani kapata nini. Akifaulu, ana digrii yake na ana kazi Changamwe. Nyumba aliyoitia kundi la maji bila kupepesa jicho ni ya mchumba wake, Mwanatatu.

"Ndama wetu kafa kwa homa ya kupe," Mwanatatu akasema. Sasa hakupiga kelele, na hapo ndipo Rama alipoogopa. "Ulikuja na kanzu yako nyeupe. Ukaketi mkekani. Ukamwambia mama, pole mama, dawa imechelewa kuingia mwilini. Ulijua, Rama?"

Rama akatazama viatu vyake.

"Ulijua?"

"Ningewaambia, kazi yote ingeharibika. Mwanatatu, nakuomba, usimwambie mtu. Wakubwa wanakuja mwisho wa mwezi. Nikianguka hapa nimeanguka moja kwa moja."

"Simwambii mtu. Kwani nitasema nini? Kwamba nimeposwa na ndoo ya maji?"

Siku mbili baadaye alikwenda duka la Mhindi karibu na feri kununua mafuta ya taa. Rama alikuwa ameshika simu ya duka, amempa mgongo, anapiga kelele kama anaita mtu aliye ng'ambo.

"Halo, Changamwe? Ndiyo, Bwana Haskell... Hapana bwana, hakuna aliyegundua. Hawa wanawake ni wajinga tu, bwana, ukiwapa kopo wanasema asante... Ndiyo bwana. Asante bwana. Asante sana bwana."

Akaweka simu, akageuka. Mwanatatu amesimama na chupa yake.

"Asante," Mwanatatu akamwambia, akaondoka.

Hakurudi kwao. Alipitiliza mpaka kwa Kafedha.

"Hodi, da Kafedha. Nigaie kikombe cha ile dawa ya ng'ombe."

"Karibu. Chota."

Kafedha hakuuliza ya nini. Jirani akija kuomba chumvi au kaa la moto, huwezi kumhoji kama askari wa kituoni. Tena baada ya kuchota, Kafedha akaona haya kumpa mmoja na kumwacha mwingine, akapeleka kikombe nyumba ya pili. Ile ya pili ikapeleka ya tatu. Kila Rama alipoleta makopo yake, yalizungushwa mtaa mzima kama sahani za futari, na waliopungukiwa waliongeza maji ili yafike kwa wote. Katika Likoni nzima asiyejua alikuwa mmoja, naye ndiye mtafiti.

Rama alihesabu kupe, akaona wanapungua hata kwa ng'ombe wa maji. Hesabu hiyo ingemkosesha digrii. Lakini aliandika alichokiona, hakughushi. Hilo moja nampa. La pili sina.

Siku ya wakubwa ikafika. Bwana Haskell wa kampuni alikuja na kofia kama sufuria, pamoja na Profesa wa Kampala, mzee mwembamba aliyeshika leso puani tangu aliposhuka feri. Wakazunguka mazizi yote, mwisho wakasimama kwa mama Mwanarehema, mamake Mwanatatu. Majirani wakajaa.

"Shikamoo mama," Rama akasema.

Mama Mwanarehema akaendelea kutafuna tambuu yake. Mwanatatu hakuwa amemwambia lolote, ila mama ana macho.

Bwana Haskell akafunga mkoba.

"Mimi angalia ng'ombe ya dawa. Mimi angalia ng'ombe ya maji. Yote sawasawa! Hii dawa ni takataka. Kampuni hapana taka tena. Kwisha."

Rama akamtazama Profesa. Profesa akatazama mbali. Basi mwanamume akiona digrii inapaa mbele ya macho yake, hushika chochote.

"Labda," Rama akasema, "labda ni maji. Maji ya visima vya Likoni. Huenda yana madini fulani yanayofukuza kupe."

Leso ikashuka puani.

"Madini?" Profesa akauliza.

"Maji?" Bwana Haskell akafungua mkoba tena. "Naweza tia kwa chupa? Naweza uza?"

Kafedha akaingiza upindo wa leso aliyojitanda mdomoni. Nyumba ya pili ikaanza kutikisika mabega. Wale watatu wakainamia kisima cha mama Mwanarehema, kampuni, chuo na tai, wanachungulia maji ambayo bata walikuwa wameyanyea asubuhi.

Mwanatatu akacheka mpaka akashika mti wa zizi. Kisha kicheko kikakatika.

"Tokeni hapo kisimani, mnanitia aibu mimi niliyemkubali huyo. Dawa yenu inafanya kazi. Sisi tumegawana."

"Mmefanya nini?" Rama akaruka.

"Tumegawana. Kikombe kikombe, mtaa mzima."

"Umeniharibia kazi, Mwanatatu! Kazi ya miezi!"

"Nimekuharibia? Ningenyamaza ungekuwa unauza mavi ya bata kwenye chupa, na mimi mkeo nabandika karatasi!"

Watu wakaangua kicheko. Profesa hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani.

"Kama waligawana, na wakaongeza maji, na bado kupe walipungua," akasema polepole, "basi dawa ni kali kuliko tulivyodhani. Tunaanza upya. Lakini wa maji lazima wawepo. Na safari hii waambiwe. Nani atakubali?"

Kila mtu akatazama pembeni. Hata Kafedha alitazama paa.

Rama akalegeza tai. Akamsogelea mama Mwanarehema, akachuchumaa.

"Mama, ng'ombe wako alikuwa wa maji. Siku niliyokuja kukupa pole ya ndama, nilijua."

Mama akatema tambuu, karibu sana na kiatu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mimi nilidhani wewe mjinga tu, nikasema si kitu, mjinga hufundishika. Kumbe bora ungekuwa mjinga." Akainuka, akawaambia watu wote, "Posa hii nimeirudisha. Na wale ng'ombe wawili wa mahari aliowatenga babake wakae hukohuko kwao."

"Nimesikia, mama," Rama akasema. Hakujitetea. Akavua tai, akaitia mfukoni, akaanza kuondoka peke yake, wakubwa wake hawajamtazama hata kidogo.

"We Rama."

Akasimama. Mtaa mzima ukageuka. Mwanatatu alikuwa bado ameshika mti wa zizi, uso umekunjamana kama mtu aliyelamba muarobaini wenyewe.

"Leo umesema kweli. Nenda kamwambie babako alete mahari yangu leo."

"Mwanatatu!" mama akashtuka. "Tangu lini mwali akadai mahari yake kwa kinywa chake?"

"Niwie radhi, mama." Akamgeukia Profesa. "Na wewe mzee, andika. Ng'ombe hao wawili watakuwa wangu, na wote wawili naomba wawe wa maji."