Tiki Kumi na Nne za Droo Tupu

"Mfuko wa hewa uko wapi?!" daktari alinifokea.

Droo ya pili ya toroli la dharura, unapokaa mfuko wa kumsukumia mgonjwa hewa, ilikuwa tupu. Tupu kabisa, jamani!

Kitandani, mtoto wa miaka miwili. Moyo umesimama. Na mimi, nesi wa watoto kwa miaka tisa, nimekodolea macho droo.

"Pacha, kandamiza kifua, usiache! Wewe, kimbia wodi ya jirani!" daktari akatuamuru.

Pacha ni nesi mwenzangu na rafiki yangu wa damu. Tulisoma pamoja, tukaajiriwa siku moja, hadi tukaitwa mapacha.

Nikatoka mbio. Huko kabati limefungwa, ufunguo hauonekani... Dakika mbili zikaenda. Kwa moyo uliosimama ni nyingi mno.

Niliporudi na mfuko wao, daktari alikuwa anampulizia mdomo kwa mdomo. Mama mtu yuko mlangoni, ameng'ang'ania kiatu kimoja cha mwanawe.

Tukasukuma hewa. Pacha akakandamiza mpaka jasho likamdondoka. Kisha...

"Mapigo yamerudi!"

Nililia mbele za watu.

Baadaye sista mkuu akatuita ofisini. Mezani kaweka fomu ya ukaguzi wa toroli. Kila asubuhi unafungua droo zote, unahakikisha vifaa vipo, unatia tiki, unasaini.

Siku kumi na nne. Tiki zote zipo. Sahihi zote zangu.

"Ulikagua?"

Nikamtazama Pacha. Yeye ndiye aliyekuwa akinisainia!

"Sahihi ni yake, sista," akasema, macho chini.

Weee! Akanitosa mchana kweupe!

"Muongo wewe! Si unasaini wewe?"

"Nani alikuwa anapiga simu kila asubuhi, 'nisainie, niko njiani'?"

"Na droo hukufungua hata siku moja?"

"Nilidhani ukifika unaangalia mwenyewe..."

Sista hakutuingilia. Akaweka mfuko wa hewa mezani.

"Umekutwa chumba cha kuoshea vifaa."

Juu yake plasta, mwandiko wangu: Umeoshwa. Urudishwe droo ya pili.

Mimi ndiye niliyeutoa. Nikauacha ukauke, nikasahau. Wiki mbili nzima sikuigusa ile droo, maana fomu ilikuwa inajaa yenyewe.

Nikatoka. Koridoni, yule mama akanikumbatia.

"Dada, nilikuona ulivyokimbia. Umeniokolea mwanangu."

Ningeweza kunyamaza. Pacha alikuwa nyuma yangu.

"Mama, kaa kwanza. Nina jambo la kukwambia."

Akaketi, akanishika mkono, nikamwambia lote. Akaniachia mkono taratibu, akarudi kwa mwanawe na kile kiatu chake. 

Ndugu zangu, nilimuona Pacha msaliti. Kumbe yule mama nilikuwa nimeshamsaliti siku kumi na nne, hata kabla hajamleta mtoto!

Siku hizi nafika mapema. Mimi na Pacha tunafungua droo pamoja, hatuongei sana. Nawe unayesoma hapa, kama kazini kwenu mna fomu kama ile, fungua droo kwanza. Tiki ije baadaye.