Mivuto Mitatu ya Kamba

Ilianza na nyayo za tope. Kila adhuhuri, mlango ukiwa umefungwa, Kanku alikuta alama za miguu mikubwa kutoka konani hadi kwenye mkeka wa binti yake, Princesse. Alizipangusa, zikarudi. Tope lilikuwa la kijani kama la migodini, na udongo wa uani kwao ni mwekundu.

Kisha mtoto, mwenye miaka sita, akaacha kusema. Alishika ncha yoyote aliyoipata, ya kitenge au ya kamba ya nguo, akaivuta mara tatu, akangoja.

Mume wa Kanku, Ngeleka, mchimbaji wa kobalti, hakuthubutu kuitazama mikono ile.

"Huyu mutoto ni mulozi," alinong'ona. "Pasta anasema abakie kwake siku saba, bila kula."

"Siku saba? We ulishindwa kufunga Ijumaa Takatifu moja."

"Kesho minamupeleka."

Kanku aliwajua watoto waliopelekwa kule. Mmoja alirudi amebebwa. Alikimbilia kituo cha afya, na muuguzi akamwelekeza kwa Mama Henriette, ambaye kila Alhamisi saa nane mchana huketi na familia zenye shida nyuma ya kanisa jingine, katika mtaa wa Manika, azisikilize. Halipishi, kila mtu huleta makaa kidogo ya kuchemshia chai.

"Lakini baba pia aje," muuguzi alisema. "Mutoto peke yake, Mama Henriette hamupokeake."

Ngeleka alikubali kwa sharti: mtoto asiposema mchana huo, jioni ni kwa pasta.

Walikuta watu wanane kwenye mabenchi. Mmoja wao alikuwa Mama Agnès, mama yake Sadrack, kijana aliyechimba na Ngeleka shimo moja. Ngeleka aligeuka atoke, akawa amechelewa.

"Tata Ngeleka, karibu. Sadrack angali Fungurume, kwenye mugodi ulisema alienda? Miezi tano sasa, ata simu moja hapana."

"Angali, mama."

Hapo harufu ya shimo ikapanda kutoka sakafuni, ya unyevu na mawe na jasho lililofungiwa, vikombe vikaanza kutetemeka juu ya benchi, na Princesse akainuka polepole, akaifungua kamba ya mfuko wa makaa, akamfunga baba yake kifundo cha mkono kwa fundo la wachimbaji ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha, akavuta mara tatu.

Mama Henriette hakusogea. "Tata Ngeleka, kule shimoni, kuvuta mara mbili ni kusema nini?"

"Mufuko umejaa."

"Na tatu?"

Ngeleka akaanza kulifungua fundo. Mtoto akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mwenye mchanga kooni.

"Tatu ni mutu. Nilivuta tatu. Ulipandisha mufuko."

Kanku alitaka kumnyakua bintiye. Mama Henriette akamzuia kwa kiganja. "Mwache baba yake ajibu."

"Udongo ulikuwa unaanguka," Ngeleka alisema, kwa sauti ndogo. "Nilisema mufuko kwanza, kisha yeye. Niliporudisha kamba, shimo ilishafunga. Mama, Sadrack hakuendaka Fungurume."

Mama Agnès aliweka kikombe chini. "Miezi tano ninamuwekea sahani," alisema. "Miezi tano unapita mbele ya mulango yangu na unanisalimia."

Princesse akapiga miayo. "Mama, nina njaa."

Kanku akamvuta kifuani, akilia. Mama Henriette akamwambia Ngeleka kwamba kesho wataongozana na polisi hadi shimoni, na Alhamisi ijayo atarudi hapa kuketi.

"Arudi," Mama Agnès alisema. "Kama mwanangu atamuachilia."

Ngeleka alikuwa akihangaika na fundo. Lilikuwa limelowa, halifunguki. Ncha ya pili, ambayo hakuna mtu aliyeishika, ilitambaa hadi kwenye ufa wa saruji, ikazama, ikakaza.

Ikavuta mara moja. Ikavuta mara ya pili.

Kanku alimziba Princesse macho, asione ya tatu.